Mikono Chini

Jumapili ile mjukuu wangu alikuwa ndani ya beseni, povu limemfika kidevuni, anayapiga maji kwa viganja kama mtu anayedai urithi wake. Jina alilopewa na wazazi wake limemzidi urefu, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Kifurushi. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa mwisho, alikuwa amemshika kwapani kwa mikono miwili, anamsuuza. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni napaka mafuta bawaba ambayo haikuwa na tatizo lolote, maana mstaafu akionekana hana kitu mkononi hutumwa dukani.

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa mpira. Refa akapuliza filimbi.

Binti yangu akamwachia mtoto.

Usiniambie aliteleza. Nilikuwa namtazama, na macho yangu yamezeeka vizuri kuliko magoti. Vidole vyote vilifunguka kwa mpigo mmoja, mikono ikashuka ikaganda mapajani, mgongo ukanyooka, akageukia ukuta akasimama wima kama askari anayekaguliwa. Kifurushi akaenda chini ya povu. Mke wangu, ambaye kuinuka kwake kwenye mkeka huchukua muda wa kuivisha maharage, aliruka kutoka jikoni hadi kwenye beseni bila kugusa sakafu. Nasema bila kugusa sakafu, na anayebisha aje nimwonyeshe ile sakafu. Akamchomoa mtoto kwa mguu mmoja. Kidevu kilikuwa kimegonga ukingo wa beseni, kimepasuka, damu inachanganyika na povu, na mtoto amefungua mdomo wote lakini sauti bado haijafika.

Ilipofika, ilifika.

"We mwanangu! Umelala au umepagawa?" mke wangu akafoka.

Binti yangu alikuwa bado anautazama ukuta. Kisha mabega yakamlegea, akainua viganja vyake akavitazama kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake.

"Sijamwachia mimi, Mama," akasema. "Mikono ndiyo imemwachia."

Tangu hapo hakumbeba tena. Alimpikia uji, akamfulia nguo, akamwimbia akiwa upande wa pili wa chumba. Lakini mtoto akinyoosha mikono abebwe, yeye alirudi nyuma na kuita, "Mama, njoo umchukue." Wakati wa kumnyonyesha alilala ubavu kwenye godoro sakafuni, mikono ameikunja nyuma ya mgongo kama mwizi aliyefungwa kamba, na Kifurushi akajitafutia mwenyewe. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anaonekana kwa nadra kama umeme wa bure, hivyo walioyashuhudia haya ni mimi na mke wangu. Na kila nilipoyaona, kichwa kilinichemka mpaka nikahisi kofia inanyanyuka yenyewe.

Nikamkalisha chini. "Mwanangu, nani amekufanya hivi?"

"Hakuna mtu, Baba. Ni kazini tu."

"Huyo Kazini Tu ni nani? Ana miguu mingapi?"

Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamkauka, akaeleza.

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha vigae. Vigae vikitoka kwenye tanuri hupangwa kwenye toroli la chuma, naye hulishusha kwenye mteremko wa zege mpaka ghalani. Msimamizi wao ni nyapara mmoja mwenye shingo nene na viatu vya kung'aa. Wamembatiza Filimbi, kwa sababu anayo moja ya chuma inayoning'inia shingoni na inasemekana huoga nayo. Sheria yake ni kwamba filimbi ikilia, mikono chini. Kila mtu aachie alichoshika, viganja vibandike mapajani, uso umwelekee yeye. Mkononi ana ubao mwembamba wa kunyooshea vigae. Akikukuta umeshika kitu, iwe ufagio, iwe kikombe, iwe leso unayofutia kamasi, ubao unashuka kwenye vidole.

"Anasema ni kwa ajili ya usalama," binti yangu akasema. "Ati mashine ikiharibika, mikono iwe mbali."

"Na mashine huwa inaharibika?"

"Mashine ikiharibika hapulizi, Baba. Anapuliza akichoka kukaa."

Akanionyesha vidole. Viungo vimevimba, kucha za mkono wa kulia zimeiva rangi ya bilinganya.

"Mwanzoni tuliachia kwa kuogopa ubao," akasema. "Siku hizi ubao haujainuliwa, mikono imeshafika chini. Nikisikia tu. Popote. Juzi birika la jirani lilipiga mluzi nikaangusha sahani."

Sasa nikueleze mimi ni nani, ili ujue hasira yangu ina ukubwa gani. Nilikuwa fundi lifti mpaka nilipostaafu. Niliwahi kutengeneza lifti yenye kasi, bwana mmoja aliingia akiwa amevaa kofia, akafika juu kichwa wazi. Kofia ilibaki chini ikaja safari iliyofuata. Mtu wa namna hiyo hatishwi na nyapara mwenye kifilimbi. Asubuhi yake nikavaa koti langu la kazi, nikaenda kiwandani.

Mlinzi wa geti ni rafiki yangu wa kucheza drafti. Alikuwa ndani ya kibanda chake, kikombe cha chai kinatoa moshi mkononi.

"Mzee mwenzangu, leo hukuja na ubao wa drafti?"

"Leo nimekuja na mdomo. Niitie huyo nyapara wenu."

Filimbi akaja polepole, akinikagua kuanzia viatu. Umri wake ni wa mwanangu wa pili. Hakuniamkia.

"Wewe ndiye unayempiga binti yangu vidole?" nikamuuliza.

"Mzee, hapa hapigwi mtu. Hapa watu wanafundishwa."

"Wanafundishwa nini?"

"Tazama."

Akapuliza. Ua zima likaganda. Mafagio yakaanguka, koleo likaanguka, mpishi wa wafanyakazi akatupa mwiko, na watu wote wakasimama viganja mapajani, nyuso kwetu, kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Lakini kilichonichoma mimi kilikuwa pale pale kibandani. Rafiki yangu alikuwa ameachia kikombe. Chai ya moto ilikuwa imemwagikia mapaja yake, naye amesimama wima, amebandika viganja juu ya hayo mapaja yanayoungua, machozi yanamtoka, uso kwa Filimbi. Mwanamume mwenye wajukuu!

"Umeona?" Filimbi akasema. "Utazunguka wapi ukute nidhamu kama hii?"

"Hiyo siyo nidhamu, we mshenzi. Hiyo ni kuwanyang'anya watu mikono yao!"

"Mzee, nenda kapumzike. Hasira inaua wastaafu."

"Na wewe ngoja. Iko siku mikono hiyo itaachia kitu ambacho ungependa kishikwe."

Akacheka mpaka shingo ikatikisika. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na kwa hasira niliyokuwa nayo lami ilikuwa inalainika kila ninapokanyaga. Ukipita barabara ile utaona imebonyea. Watasema ni malori.

Mimi shule niliiacha mapema, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini kusoma sikuacha. Fundi lifti husubiri vipuri, na anaposubiri husoma kilichopo. Nyumbani nina kitabu kisicho na jalada kinachohusu akili na tabia, nilichokikuta kwenye chumba cha mashine cha jengo fulani kikiwa kimewekwa chini ya mguu wa meza. Nikakifungua kwa kishindo. Humo mlikuwa na habari za mtaalamu wa zamani aliyechunguza mate ya mbwa. Mbwa akipewa chakula hutokwa na mate, hilo halihitaji mtaalamu. Ila yule bwana alikuwa analiza kengele kwanza, ndipo analeta chakula, tena na tena, mpaka ikafika mahali kengele ikilia peke yake, bila hata harufu ya mfupa, mate yanachuruzika. Mbwa hakuamua. Mate hayakumuuliza.

Nikakipiga kitabu ngumi. Ndivyo alivyowafanya! Filimbi kisha ubao, filimbi kisha ubao, mpaka ubao ukawa hauna kazi. Mbwa alitokwa na mate, binti yangu anatokwa na mtoto.

Lakini mbele kidogo nikakuta dawa. Yule bwana alipoendelea kuliza kengele bila kuleta chakula, mate yalipungua, yakapungua, yakakauka. Basi! Nikaenda duka la vifaa vya michezo nikanunua filimbi ya chuma, baba wa filimbi zote. Asubuhi, binti yangu akimimina chai, nikamnyatia nyuma nikapuliza.

Birika likaenda chini. Chai ikatapakaa mpaka chini ya kabati. Mke wangu, Kifurushi mgongoni, akapiga ukelele: "Huyu mzee ameshaanza!"

Binti yangu alisimama viganja mapajani kwa muda. Alipozinduka akanigeukia, na ule uso sikuwahi kuuona tangu nimzae.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakutibu. Iko kitabuni. Nikipuliza mara nyingi bila kukupiga, mikono itasahau. Mbwa yule naye..."

"Mbwa?"

"Mbwa wa kwenye..."

"Mimi siyo mbwa, Baba!" Sauti ilipasuka, kuku wa jirani wakanyamaza. "Yule anapuliza bila kuniuliza. Wewe unapuliza bila kuniuliza. Mna tofauti gani? Ubao? Nenda basi kachukue mwiko, ukamilishe!"

"Mwanangu, mimi nilitaka tu..."

"Kila mtu anataka tu. Huu ni mwili wa nani?"

Nikaificha filimbi nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Binti yangu akanyoosha mkono. "Nipe hiyo filimbi." Nikampa. Akaiosha kwa sabuni na maji ya moto, akaisugua kama anatoa ugonjwa, akatoka nayo uani.

Akaanza mwenyewe. Alijaza mchanga kwenye ndoo, akainyanyua kwa mikono miwili, filimbi kinywani, akapuliza. Ndoo ikaanguka, nusura imkate vidole vya mguu. Akatukana tusi ambalo sikujua analijua. Akajaza tena, akanyanyua tena, akapuliza tena. Kila akitoka kazini alikuwa uani na ile ndoo, uso umekunjamana, anapuliza na kuangusha, anapuliza na kuangusha, hakuna anayempiga, hakuna anayemfokea isipokuwa yeye mwenyewe. Majirani walidhani tumeanzisha timu. Polepole ikawa vidole vinafunguka nusu, vinajikamata. Ikafika jioni moja akapuliza na ndoo ikabaki hewani, inatikisika kama jino bovu, lakini hewani. Mke wangu akapiga vigelegele. Mimi nilijikuna macho, vumbi lilikuwa jingi.

"Kesho nambeba mwanangu," binti yangu akasema.

Kesho yake akarudi kutoka kazini, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, hakumgusa mtoto kwanza. Akapuliza. Ndoo ikaanguka puu, kama siku ya kwanza.

Akaipiga teke ikagonga ukuta. "Imerudi!" akasema. "Leo alipuliza asubuhi nzima. Mwenzangu wa kwenye tanuri alichelewa kuachia, akapigwa mpaka ukucha ukang'oka. Ninachokifuta hapa jioni, yeye anakiandika upya mchana."

Nilikuwa na kitabu kwapani. Kwa kweli nilikuwa nimeshasoma ukurasa uliofuata, unaosema kwamba hata mate yaliyokwisha kukauka yanaweza kurudi yenyewe baada ya mapumziko. Sikumwambia. Nilikirusha kitabu kwenye banda la kuni.

"Acha kazi," nikasema. "Tutakula tutakachokula."

"Nikiacha, naondoka na mikono hii hii, Baba. Nikiwa sokoni, refa anapuliza, trafiki anapuliza. Filimbi haziishi duniani." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduka. "Nilifundishwa pale. Nisipoweza kushika pale, hapa nacheza tu na mchanga."

Mle ndani Kifurushi alikuwa analia, ananyoosha mikono kuelekea sauti ya mama yake. Mama yake akaziba masikio kwa zile ngumi zilizovimba. Mwandishi gani atanieleza hasira ya namna hii huandikwa kwa wino gani?

Siku iliyofuata nikachukua ubao wa drafti nikaenda getini. Binti yangu alikuwa amenikataza nisikanyage kazini kwake, nami sikukanyaga. Kibanda cha mlinzi kiko nje ya geti kwa upana wa kandambili. Rafiki yangu alikaa upande upande kwa sababu ya mapaja.

"Umekuja kunitafutia balaa," akasema.

"Nimekuja kukufunga. Panga kete."

Kutoka pale unauona mteremko wote. Juu kuna tanuri, chini kuna mlango wa ghala, na mlangoni siku hiyo vigae vilikuwa vimepangwa kama ukuta, kimo cha mtu. Kushoto na kulia kuna kingo za zege zinazofika kiunoni. Anayeshusha toroli hukaa nyuma yake, upande wa juu, analizuia kwa uzito wake wote huku linamvuta. Mimi hayo nayajua kuliko ninavyolijua jina la mkwe wangu. Kitu kilichotulia kinataka kiendelee kutulia, na kilichoanza kwenda kinataka kiendelee kwenda mpaka kitu kingine kikizuie, na kikizuiwa, kinamsukuma anayekizuia vilevile. Ndiyo maana lifti ikisimama ghafla tumbo lako linaendelea na safari. Toroli la vigae halijui nyapara ni nani.

Binti yangu akatokea juu, toroli limejaa mpaka juu. Akaanza kushuka, visigino amevikita, mgongo ameulaza nyuma.

Filimbi alikuwa chini, mlangoni mwa ghala, anakagua ule ukuta wa vigae. Akageuka, akaniona kibandani. Nikamwinulia kofia, kwa adabu zote, hivi. Basi nilimwona anavyotabasamu. Alitaka nione tena. Alitaka nimwone mwanangu mwenyewe akishusha mikono mbele yangu. Akasimama mwisho wa mteremko, mbele ya ule ukuta wa vigae, miguu kaipanua, ubao kwapani, akaweka filimbi mdomoni.

Jamani, mtu yule alijua kila mkono wa kile kiwanda utafanya nini. Alichosahau ni kwamba toroli halijafundishwa.

Akapuliza.

Mafagio yakaanguka. Koleo likaanguka. Kete ya drafti ikamdondoka rafiki yangu. Na mimi nikaviona vidole vya binti yangu vikifunguka, toroli likamtoka, likaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba.

Nikasimama, ubao wa drafti ukaruka na kete zake. "Shikaaa!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, Baba!"

Alikuwa ameshalirukia. Kiganja kimoja, kisha cha pili. Toroli likamburuta, soli za viatu zikalia juu ya zege, akajitupa nyuma mpaka nusura akae chini, nalo likapungua, likapungua, likasimama. Mbele yake, kati ya toroli na ukuta wa vigae, alikuwepo Filimbi, tumbo amelivuta ndani, filimbi bado iko mdomoni, na kila pumzi ikitoka inalia kipi, kipi, kipi, kama kifaranga. Toroli lilikuwa limemfika kwenye mshipi. Pembeni kingo za zege, nyuma vigae. Hakuwa na pa kwenda.

 Watu wa ua zima walikuwa wamesimama viganja mapajani, lakini nyuso hazikuwa tena kwa Filimbi. Zilikuwa kwa yule mwanamke anayetetemeka mikono.

Maana ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa naiona kutoka getini. Kila kipi ya ile filimbi, vidole vinataka kufunguka, na kila vikitaka, anavikaza mpaka mishipa ya shingo inasimama.

"Mikono..." Filimbi akaanza, kwa mazoea tu nadhani.

"Mikono nini, nyapara?" binti yangu akauliza. Hakupiga kelele. Ningependa kusema alinguruma, ila sitaongeza chumvi hapa. "Mikono chini? Niishushe?"

Filimbi akatikisa kichwa.

"Sikusikii. Puliza basi. Ukitaka niachie, puliza tena."

Hakupuliza. Akaitema filimbi, ikabaki inaning'inia juu ya vigae vya toroli. Lakini mtu aliyezoea kutisha haachi upesi. Mkono wake ukainuka na ule ubao, sijui alikuwa anafikiri nini, labda mkono wenyewe ndio uliokuwa unafikiri. Ubao ukafika juu.

Binti yangu akavitazama vidole vyake kwenye mshikio wa toroli, kisha akamtazama yeye.

"Hivi hapa," akasema. "Piga. Piga basi, si ndivyo unavyofanya? Hivi ndivyo vinavyokushikilia tumbo lako."

Ubao ukakaa juu. Ukaanza kutikisika. Ukashuka taratibu ukalala ubavuni mwake, na jasho likawa linamtoka nyapara yule kwa wingi, nasikia walikuja kulikausha kwa pampu.

"Ulimvunja mwenzangu kifundo cha mguu kwenye mteremko huu huu," binti yangu akasema, na sasa ndipo sauti ilipopanda. "Alikuwa chini, ukapuliza, mshika toroli akaachia, likampanda, ukasema ni uzembe wake! Ukamng'oa yule pale ukucha! Mimi umenifanya nimzamishe mwanangu. Mwanangu! Simbebi! Unajua mtoto akinyoosha mikono nafanya nini? Nakimbia! Mimi namkimbia mtoto wangu kwa sababu wewe ulichoka kukaa!"

"Dada, tuongee vizuri," Filimbi akasema. Ndiyo mara ya kwanza, wanasema, kumwita mtu yeyote pale dada.

"Tunaongea vizuri. Ningeongea vibaya ungekuwa umeshakuwa kigae."

Mtu mmoja akacheka, yule wa tanuri mwenye kidole kilichofungwa kitambaa. Akainama akaokota koleo lake. Hakuambiwa na mtu. Akateremka, akashika toroli upande mmoja, mwanamke wa ufagio akaja akashika upande wa pili, na watatu wale wakalirudisha nyuma hatua moja juu ya mteremko. Filimbi akachomoka pembeni, shati likachanika mgongoni kwenye pembe za vigae. Akapita karibu na kibanda chetu akielekea ofisini. Rafiki yangu mlinzi alikuwa anaokota kete chini, wala hakuinuka kumpisha.

"Shikamoo, mzee," Filimbi akaniambia.

Sikuitikia. Kusema kweli nilitamani binti yangu angeachia. Nasema kama ilivyo. Mimi ningeachia, na ningepiga na teke la kusindikizia.

Jioni alipotoka hakunisalimu. Nilimfuata nyuma njia nzima.

"Nilikukataza usije," akasema bila kugeuka. "Alipuliza kwa sababu yako. Ungeniua, Baba, au ungenifanya niue mtu."

"Nilikaa nje ya geti."

"Nje ya geti! Na ile kofia uliinua ya nini?"

"Nilikuwa nasalimia."

"Baba!"

"Haya. Nimekosa."

"Na kesho ataleta ubao mwingine, au watamleta mtu mwingine na kengele. Usifikiri yameisha. Wala mikono hii haijapona, nilikuwa naachia. Umeona? Niliachia!"

"Ukashika tena."

Tulipofika nyumbani, mke wangu alikuwa anakoroga sufuria, Kifurushi mgongoni mwake ndani ya kanga, macho mazito kwa usingizi. Binti yangu hakuvua hata viatu. Akafungua fundo la kanga, akamchukua mtoto.

Mke wangu akabaki na mwiko hewani. "Umemshika?"

"Mama, usiniulize ulize."

Akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Kifurushi akamkamata sikio akalivuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayehakikisha kama limefungwa vizuri. Vidole vya mama yake vilikuwa vinashtuka shtuka mgongoni mwa mtoto, vinafunguka kidogo, vinakaza. Nikaona ni wakati mzuri wa kumweleza jambo moja kuhusu vitu vizito na namna vinavyosukumana na anayevizuia. Nikafungua mdomo.

"Mzee," mke wangu akasema, "kaa kimya ule."

Tukala. Binti yangu alikula kwa mkono mmoja, wa pili amemzungushia mtoto, bado amekunja uso, anatafuna kwa hasira kama chakula ndicho kilichomkosea. Mtoto alishalala zamani. Mke wangu akamwambia amlaze kitandani, atachoka.

"Nichoke," akasema, akaomba aongezewe mchuzi.